Mchi wa Pili

Muda wote wa matanga kile kinu kilikaa kimepinduliwa katikati ya ua, kitako juu, mdomo chini, na watu waliokuja kutoa pole walikizunguka kama wanavyomzunguka mtu aliyelala. Wengine walisahau ni nini, wakaweka juu yake chupa za fanta. Mimi nilikaa kwenye benchi karibu na mlango wa jikoni, kitenge mabegani, nikikitazama. Nilimlilia Godeliva jioni zile, tena sana, lakini hata nilipokuwa nalia jicho langu moja lilikuwa kwenye kinu. Nilikitaka. Upande wa pili wa ua, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Shallon, naye alikuwa akikitazama.

Hatukuwa na haja ya kusemezana. Tulikuwa tumefahamiana kwa namna hiyo tangu utotoni.

Godeliva Ndihokubwayo hakuwa bibi yangu wala bibi yake. Alikuwa jirani. Alikuwa Mrundi wa mkoa wa Ngozi, aliyeolewa na mkimbizi wa Kinyarwanda, na mumewe alipofariki kabla ya kurudi kwao, yeye alifunga kinu kwenye mkeka akaja Kigali peke yake, kuiona nchi aliyosimuliwa kila usiku wa ndoa yake. Aliiona, akapanga chumba kwenye mtaa wetu wa Gitega, akabaki. Hakuwa amezaa. Watoto wote wa ule ua tulimwita Mukecuru, kama watu wa huku wanavyomwita mwanamke mzee wanayemheshimu, ingawa siku hizo nadhani hakuwa amefika hata sitini.

Sisi tulifika mwaka wa tisini na tano tukitokea Bujumbura, mama na mimi, na godoro, na sufuria zilizokuwa zikigongana ndani ya gunia. Nilikuwa mtoto mdogo wa shule ya msingi, simjui mtu, na Kinyarwanda changu kilikuwa kimejaa Kirundi, watoto wakinicheka nikiomba hata maji. Miaka ile kila nyumba ilikuwa na jambo lisilotajwa. Watu wazima walikuwa wakinyamaza ghafla katikati ya sentensi, wakaendelea na nyingine. Mtoto alijifunza kutouliza, na mtoto asiyeuliza hubaki na masikio tu. Kwa masikio yangu ndiyo nilimjua Godeliva kabla sijamwona. Asubuhi ya kwanza niliamshwa na kitu kilichokuwa kikipiga nyuma ya ukuta wetu, kizito, kimoja kimoja, chenye kuchoka. Nikatoka. Nikamkuta mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, kitambaa cha kichwa kimeteleza, anatwanga majani.

Alinitazama bila kusimama.

"Weye iko na mikono?" akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Basi usinitazame kama askari. Shika ule mchi mdogo."

Alikuwa akiuza sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Majani yalitoka mashamba ya Bugesera kwa lori hadi soko la Nyabugogo, na alfajiri alishuka mwenyewe kuchagua magunia, maana alisema wachuuzi wa pale wangeweza kumuuzia mtu majani ya mwaka jana wakamwambia yamelala tu. Alipanda kilima na mchukuzi mwenye gunia kichwani, akimtukana na kumwombea baraka njia nzima. Kisha yalichambuliwa vijiti, yakamwagiwa maji ya moto yanyong'onyee, yakaingia kinuni pamoja na majani ya vitunguu na pilipili hoho. Na hapo ndipo alipohitaji mtu.

Kinu cha sombe kinaweza kutwangwa na mtu mmoja, lakini mtu huyo ataumia, na majani yatabaki na nyuzi. Kinataka watu wawili na michi miwili. Mmoja unaposhuka mwingine unapanda, na katikati ya mapigo kuna nafasi ndogo kama ya kupumua, ambamo mkono wa kushoto unarudisha majani yaliyopanda ukingoni. Ukikosea, unauvunja mkono wa mwenzako. Godeliva alikuwa na mchi mrefu, mweusi kwa miaka. Wa pili ulikuwa mfupi, mwembamba shingoni, na huo ndio ulikuwa wangu.

Siku za mwanzo niliupiga ovyo.

"Weye mutoto, unatwanga sombe ama unaua nyoka?"

Nikacheka, nikakosa pigo, michi ikagongana, viganja vyangu vikawaka moto.

"Sikiliza," akasema. "Kazi ya kuanza ni ya mwenye kinu. Mimi naanza. Weye ni wa kujibu. Usinitangulie, usinisubiri. Nijibu tu."

Nikajifunza kumjibu. Sijui nieleze vipi furaha ile kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa mgeni katika mji wake mwenyewe. Shuleni nilikuwa sijibu kitu, kwa kuogopa kuchekwa. Nyumbani mama alikuwa amechoka. Lakini pale, kila alipopiga, mimi nilijibu, na jibu langu lilikuwa sahihi, na lilikuwa likisubiriwa.

Alitwanga redio ikiwa imewashwa kwenye dirisha, na yalipofika matangazo ya vifo alisimamisha mchi hewani. Mimi nami nilisimamisha wangu. Mtangazaji alisoma majina: fulani wa mahali fulani, mama wa fulani, shemeji wa fulani. "Simjui," Godeliva alisema mwishoni. "Tutwange." Mara chache alimjua. Basi aliuegemeza mchi ukutani, akaingia ndani, akafunga mlango, na mimi nikabaki nimesimama peke yangu na majani nusu, nikijisikia mtu mkubwa. Nilikuwa mtoto wa pekee katika Gitega yote aliyejua kwa nini kinu kile kimenyamaza.

Hakuwa malaika. Kila mteja alimwambia, "Hii nimekufichia wewe peke yako," na wote walimwamini. Aliwatania wachukuzi wa Nyabugogo kwa maneno ambayo mama alinikataza kuyarudia. Alisali rozari kwa haraka kama mtu anayekimbiza basi. Lakini kazi ikiisha alichukua tonge la sombe, akalisugua kati ya vidole viwili kutafuta nyuzi, na kama hakuzipata aliipika kidogo kwa mawese na karanga, tukala na ugali kwenye sahani moja, tukipigana vidole. Nikirudi nyumbani nilikuwa siwezi kula cha mama.

"Hamia huko basi," mama aliniambia mara moja, akirudisha chakula sufuriani. "Kamwite mama."

Nilidhani ana hasira ya chakula.

Kisha akaja Shallon.

Familia ya Kalisa ilirudi kutoka Kampala ikapanga vyumba vya nyuma. Walikuwa na kabati lenye kioo na baiskeli, na msichana wa rika langu mwenye mikono mirefu, aliyecheka akionyesha meno yote, aliyechanganya Kiswahili chake na Kiingereza na hakujali nani anacheka. Kitu cha kwanza kilichonifanya nimchukie ni hicho. Alikuwa mgeni kama mimi na hakuona aibu.

Jumamosi moja nilikuwa natoka mafundisho ya komunyo ya kwanza. Nilikuwa bado barabarani, kwenye kona ya wauza mkaa, niliposikia kinu. Nilisikia kabla sijaona. Pigo zito la Godeliva nalijua. Na baada yake, pale kwenye nafasi yangu, jibu. Halikuwa langu. Lilikuwa kubwa zaidi, lenye kucheza kidogo, na lilikuwa sahihi. Nilisimama pale na kitabu cha katekisimu mkononi, na hadi leo nikiulizwa wivu ni nini siwezi kusema zaidi ya hili: ni kusikia kutoka barabarani kwamba kazi yako inafanyika vizuri bila wewe.

"Umechelewa," Godeliva akasema nilipoingia. Hakusimama.

"Nilikuwa mafundisho."

"Mungu amefurahi. Kaa uchambue majani."

Nikakaa. Nikachambua. Shallon alinitabasamia juu ya kinu, jasho limemtoka puani.

"Huyu wa Kampala iko na mkono," Godeliva akasema. "Ona mkono wake, Aurore."

Nikauona. Ulikuwa mkono tu.

Tangu siku hiyo mchi mfupi ukawa wa anayewahi. Niliamka gizani. Shallon akaamka gizani zaidi. Nilijifanya naumwa shuleni ili nirudi mapema. Siku ileile nikamkuta yeye naye anaumwa. Hatukugombana hata mara moja, na watu walituona marafiki, tunasukana nywele, tunaazimana viatu vya kanisani. Lakini nikiwa kinuni Godeliva aliniambia, "Shallon angekuwa amemaliza," na mimi nikaongeza mwendo mpaka mabega yakatetemeka. Usiku nilijipima mikono dhidi ya ukuta.

Baadaye nilipelekwa shule ya bweni, kisha chuo kikuu Butare. Kila mtu alisema nina bahati. Mimi, kitandani kwenye bweni, niliwaza kwamba sasa hivi ni Jumamosi, na majani yamekwisha nyong'onyea, na hakuna anayemzuia Shallon. Likizo nilirudi na mikono laini, nikaomba mchi, na Shallon alinipa kwa adabu, kama mtu anayempa mgeni kiti kizuri. Hiyo adabu ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa nimegeuka mgeni.

Mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia Godeliva kitenge cha buluu chenye ndege. Alikishika, akakinusa, akanibusu paji la uso. Pasaka nilikiona kiunoni mwa Shallon, kimelowa majani.

"Kilikuwa kizuri sana kwangu," Godeliva alinijibu nilipouliza. "Ningekipeleka wapi? Yeye iko na mahali pa kukivaa."

Nilikwenda chooni nikalia, mtu mzima mwenye shahada.

Nikahamia Kacyiru, karibu na ofisi, kwenye ghorofa lenye lifti na sakafu ya vigae. Shallon alibaki Gitega. Aliolewa huko huko, mumewe akafariki, akafungua genge la mboga mbele ya nyumba ya baba yake, na kila Jumamosi aliendelea kutwanga. Mashine za kusaga sombe zilipoingia sokoni wateja wakapungua, Godeliva akasema mashine inayapika majani kabla ya chungu, akaendelea na wale waliobaki. Mimi nilikwenda mara moja kwa mwezi, baadaye mara chache zaidi. Nilileta dawa, nilileta blanketi. Nilikuwa namletea vitu kwa sababu Shallon alikuwa anamletea siku zake, na siku sikuwa nazo.

Mara ya mwisho nilipomwona hospitalini alikuwa amebaki mdogo kama nguo iliyokunjwa. Alichukua mkono wangu akapitisha kidole gumba kwenye kiganja, polepole, akitafuta kitu.

"Umekuwa laini," akasema.

"Ni kazi ya ofisini, Mukecuru."

"Shallon bado iko na ngozi ngumu hapa."

Nikatabasamu kwa sababu muuguzi alikuwa akitutazama. Anakufa, nikajiambia, muache. Lakini nilikwenda nyumbani na sentensi ile, nikalala nayo.

*

Siku ya kumaliza matanga ua ulijaa tangu asubuhi. Wakati wa matanga kazi ya marehemu hulala. Ndiyo maana kinu kilikuwa kimepinduliwa. Siku ya mwisho kazi huinuliwa tena, ili nyumba isibaki imeganda. Mama yangu, ambaye sasa ndiye mzee wa pale, alikuwa ameagiza majani, na yalikuwa tayari kwenye karai, yamechambuliwa, yamenyong'onyezwa. Chakula cha siku ile kingekuwa sombe, na ingetwangwa kwenye kinu cha mwenyewe.

Léonce, mtoto wa kaka yake Godeliva, ndiye alikuwa ndugu wa pekee. Anauza viatu Nyabugogo, mtu mpole, anayezungumza huku akitazama miguu ya watu. Alisimama akashukuru, akasema chumba kinarudi kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi, na kwamba shangazi alimwachia maneno hospitalini.

"Vyungu ni vya anayevitaka. Redio ni yangu. Kinu," akasema, "kinu ni cha mwanangu niliyetwanga naye. Hivyo ndivyo alivyosema. Nikamuuliza, shangazi, yupi? Akalala."

Nilijikuta nimesimama. Shallon alikuwa amesimama pia.

Watu wakaguna, kisha mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Wanawake wawili wenye mvi za kwanza, wamesimama kwenye matanga kama watoto walioitwa na mwalimu.

"Kaa chini, Aurore, sha," Shallon akasema, akiniita kirafiki. "Kinu utakiweka wapi? Ndani ya lifti?"

Kicheko kikaongezeka.

"Nitakiweka mahali pasipo mashine," nikasema. "Wewe genge lako siku hizi linauza sombe ya mashine. Nimeiona."

"Ile ni ya wateja."

"Hilo ndilo ninalosema."

"Na wewe, ulitwanga mara ya mwisho mwaka gani? Kumbuka hata mwaka tu."

Léonce aliangalia viatu vyangu, akaangalia vyake. "Mimi kesi za vinu sizijui, dada zangu."

"Watu wana njaa," mama akasema kutoka kwenye mkeka. "Kipindueni mtwange wote wawili. Tutajua mbele ya safari."

Tukakiinua pamoja, mmoja huku, mwingine kule. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokumbuka. Chini yake ardhi ilikuwa na unyevu, na duara jeupe la siku zile zote. Mama alimimina majani. Michi ilikuwa imeegemezwa ukutani, mrefu na mfupi, na sisi wawili tukageuka, na mikono yetu miwili ikashika mmoja: ule mfupi.

Mrefu ulibaki ukutani. Hakuna aliyeugusa.

"Achia," Shallon akasema kwa sauti ya chini.

"Achia wewe. Chukua ule."

"Ule ni wake."

"Najua ni wake."

Tulikuwa karibu sana, nilisikia harufu ya sabuni kwenye nguo zake. Vidole vyetu vilikuwa kwenye shingo ya mchi, pale palipolika. Miaka yote nilijua kwamba pale pamelika kwa kiganja changu. Sasa niliona jinsi vidole vyake vinavyolala mle, vizuri, bila kutafuta.

"Mimi sijui kuanza," Shallon akasema. "Hakunipa hata siku moja. Hata alipokuwa hawezi kuinua mkono. Anapiga kidogo hivi, kama kuku anadonoa, lakini anaanza yeye."

"Nilidhani wewe alikuachia."

"Aniachie mimi?" Alicheka kwa pua. "Ungesikia. Aurore hakumwaga jani hata moja. Aurore alikuwa anasikia kwa mgongo. Nimebeba maji yake, nimemwogesha, nimekata kucha zake, na kila Jumamosi, Aurore, Aurore. Nilikuchukia sana, unajua? Kile kitenge chako nilikivaa kinuni kwa makusudi, nikichafue."

Kwa muda nilihisi kitu kama utamu, kwamba jina langu lilikuwa likitajwa Jumamosi zile zote ambazo nilikuwa mbali. Na mara ileile nikaona utamu ule umepita kwanza masikioni mwake. Alikuwa amewekewa jina langu kama mimi nilivyowekewa mkono wake. Yule mzee alitutwangisha kwa kutumia mmoja dhidi ya mwingine, na sombe haikuwahi kuwa na nyuzi.

Ningeweza kuachia hapo. Sikuachia. Mchi mfupi ulikuwa mahali pa mtoto, mahali pa kujibu, na kama Godeliva alikuwa na mtoto aliyetwanga naye, basi mtoto huyo alishika mti huu na si mwingine. Nilifikiri hivyo kwa uwazi kabisa. Nikaukaza.

"Majani yanakauka," mama akasema.

Shallon alinitazama kidogo, kisha vidole vyake vikafunguka. Akaenda ukutani, akauchukua ule mrefu. Aliupima mikononi, akatema mate kidogo viganjani kama alivyofanya mwenyewe, akajongea kinuni upande ambao hakuna kati yetu aliyewahi kusimama. Akapiga.

Nikajibu.

Mapigo ya kwanza yalikuwa machafu. Alikuwa anapiga haraka, kama mtu anayejibu bado, na mimi nikamsubiri, nikakosea, michi ikagusana. Kisha akapunguza. Akatafuta uzito. Akaupata. Na ghafla ua ukanyamaza, au ni mimi niliyeacha kuusikia, maana lile pigo nilikuwa nalijua kutoka nyuma ya ukuta, asubuhi ya kwanza, na nafasi baada yake ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote, nami nikaingia ndani yake. Nilijibu. Nilijibu tena. Viganja vikaanza kuwaka. Mkono wangu wa kushoto ulikwenda wenyewe kurudisha majani, na mchi wa Shallon ulishuka pembeni yake bila kuugusa. Sikuwa nimefurahi hivyo kwa miaka mingi, na niliona vibaya kwamba ni yeye aliyenifurahisha.

Mama alikuja akachukua tonge, akalisugua kati ya vidole viwili. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo maishani mwake. Hicho kilikuwa kitendo cha Godeliva. Akaitikia kwa kichwa kwamba inafaa.

"Sasa?" Léonce akauliza. "Kinu ni cha nani?"

Mama hakunitazama.

"Nani ameanza?" akasema.

Hakukuwa na haja ya kujibu. Kila mtu pale alikuwa ameishi nyuma ya ukuta wa Godeliva, na kila mtu alikuwa amemsikia akimfokea mtoto mmoja au mwingine: kazi ya kuanza ni ya mwenye kinu. Mimi nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kabla yao wote. Nilisimama pale nikiukumbatia mchi mfupi kifuani, jasho linanitoka, mshindi, na ndipo nikaelewa nilichokishinda.

"Ndivyo alivyosema yeye mwenyewe," mama akaongeza, sasa akinitazama. "Siyo mimi." Na katika macho yake, nyuma ya huruma, niliona kitu kidogo cha zamani, kama mtu anayerudisha chakula sufuriani.

Nilikula sombe ile. Ilikuwa laini.

Jioni, watu wakiondoka, Shallon alisimamisha pikipiki ya mizigo ikabebe kinu hatua chache tu hadi kwa baba yake. Ningefurahi kama angejigamba. Hakujigamba. Alikuja kwenye benchi yangu, akaniona bado nimeushika mchi.

"Nenda nao," akasema. "Ni wako."

"Mchi bila kinu ni wa nini?"

"Wa kuulaza nyuma ya mlango. Sijui. Wa kuulia nyoka."

Nikaondoka nao. Kwenye lifti kijana wa ghorofa ya juu aliutazama akasogea pembeni. Niliusimamisha sebuleni, ukaanguka kwenye vigae. Nikauweka nyuma ya mlango wa jikoni, na usiku nikaenda kuuangalia. Nilipitisha kidole gumba pale palipolika. Nilijaribu kujua ni kiganja cha nani kilichochimba upande upi. Haijulikani. Nilitumia juma zima kujaribu.

Jumamosi simu ililia mapema. Shallon hakusalimia.

"Majani yamefika. Unakuja, ama nimwite Raïssa?"

"Raïssa ni nani?"

"Mpangaji mpya. Amechukua chumba cha Mukecuru. Mtu mzuri, anaamka mapema. Iko na mkono, huyo Raïssa. Ungeuona mkono wake, Aurore."

Nilijua anachofanya. Nilijua amekitoa wapi, neno kwa neno, na sauti ilikuwa karibu ileile. Nilitaka kumwambia kwamba sisi ni watu wazima. Lakini tayari nilikuwa natafuta viatu.

Chini, mwendesha moto, zile pikipiki za abiria, alinipa kofia, akasubiri nipande na mchi wangu, nikaulaza mapajani. Aliutazama kwa kioo.

"Mama, huyo unayekwenda kumpiga amekukosea nini?"

"Endesha," nikasema. "Kuna mtu anataka kusimama mahali pangu."